Hayati Dk. Remmy Ongala (1947–2010): Mwanamuziki Msafiri wa Sinza

Msomaji wa kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja ya usharika hutarajia kukuta humo maisha ya wainjilisti, wachungaji, wazee wa kanisa, walimu wa kwaya na akina mama waliobeba mawe na maji wakati wa ujenzi. Hao wamekwisha kuelezwa katika sura zilizotangulia, na kila mmoja amepewa heshima anayostahili. Sura hii inamhusu mtu wa namna nyingine. Hakuwa mzee wa kanisa, jina lake halimo katika madaftari ya ubatizo na kipaimara ya usharika huu, na sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha katika kumbi za dansi na katika barabara ziendazo kwenye kumbi hizo. Mtu huyo ni Ramazani Mtoro Ongala, ambaye Tanzania nzima ilimjua kwa jina la Dokta Remmy.

Ziko sababu tatu za kumweka katika kitabu hiki. Kwanza, historia ya usharika haiwezi kutenganishwa na historia ya mitaa inayouzunguka, na katika mitaa yetu jina lake limekuwa jina la mahali. Mtu anayesafiri kwa daladala kwenda Sinza husikia kondakta akitaja kituo cha Sinza kwa Remmy, hata kama msafiri huyo ni kijana aliyezaliwa baada ya Remmy kuacha kupiga dansi. Pili, mambo aliyoyaimba, yaani kifo, umaskini, uyatima, ndoa na maradhi, ndiyo mambo ambayo mchungaji hukutana nayo kila juma katika kazi yake. Tatu, mwishoni mwa maisha yake aliacha dansi akaimba nyimbo za Injili, na jambo hilo linatupasa kulitafakari kwa utulivu.

Kuzaliwa na malezi

Remmy alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mji ulio kando ya Mto Lualaba katika eneo la Maniema, mashariki mwa nchi iliyoitwa wakati huo Kongo ya Wabelgiji. Kiswahili kilikuwa kimefika Maniema tangu karne ya 19, kwa njia ya misafara iliyotoka pwani ikapita Tabora na Ujiji hadi Nyangwe na Kasongo kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Njia hiyo ilikuwa ya machozi, lakini iliacha lugha nyuma yake. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa mamia ya maili kutoka Bahari ya Hindi alikua akisikia lugha iliyo ndugu wa lugha yetu, na alipokuja baadaye kuimba Dar es Salaam alieleweka, ingawa lafudhi ya kwao haikumtoka.

Mama yake alikuwa amepoteza watoto wawili kabla yake. Kwa habari ambazo Remmy mwenyewe alizisimulia mara nyingi, mganga wa jadi alimshauri mama huyo ajifungulie porini na asimnyoe mtoto nywele zake. Mtoto alizaliwa akiwa na meno mawili ya mbele, na watu wa kwao waliliona jambo hilo kuwa ni dalili kwamba atakuwa mganga. Hapo ndipo lilipotoka jina la Dokta, na hapo ndipo penye asili ya nywele ndefu zilizosukwa ambazo wengi walidhani ni mtindo tu wa vijana. Kanisa halifundishi mambo ya uganga wa namna hiyo. Hata hivyo, kila mchungaji aliyewahi kuketi na mama aliyezika watoto wawili mfululizo anajua jinsi mama huyo atakavyofanya kila analoambiwa ili wa tatu aishi. Remmy alikuwa mtoto aliyesubiriwa kwa hofu, na huenda ndiyo sababu kifo kilikuwa karibu sana na mawazo yake tangu mwanzo.

Baba yake alikuwa mwimbaji na mcheza ngoma aliyejulikana, naye alipiga ala za asili. Remmy alirithi muziki kutoka kwake kama mtoto wa mhunzi anavyorithi mvukuto. Lakini hakukaa na wazazi muda mrefu, kwa kuwa alibaki yatima angali kijana. Nchi yenyewe ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960 ikaingia mara katika machafuko, na mwaka 1964 uasi wa Simba ulienea katika majimbo ya mashariki. Kijana asiye na wazazi, katika nchi yenye vita, hana budi kutafuta kitu cha kumlisha. Remmy alijifunza ngoma na gitaa kwa kujitegemea, na katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na bendi ya Bantu Success. Tangu hapo maisha yake yakawa ya safari. Alipiga katika bendi mbalimbali za Kongo na Uganda, miongoni mwao ikiwa Grand Mickey Jazz, akihama kila mahali palipopatikana vyombo na ukumbi.

Kuja Dar es Salaam

Mwaka 1978 Remmy aliwasili Dar es Salaam. Aliitwa na mjomba wake, Mzee Makassy, aliyekuwa na bendi yake hapa mjini, Orchestra Makassy. Hakuwa Mkongo wa kwanza kuja kwa njia hiyo. Bendi ya Maquis nayo ilikuwa imetoka Kongo ikajipatia jina kubwa hapa, na wakazi wa jiji walikwisha kuzoea kusikia magitaa ya Kikongo yakichanganyika na mashairi ya Kiswahili.

Ni vema msomaji kijana aelezwe jinsi muziki wa dansi ulivyoendeshwa siku hizo. Mwanamuziki hakumiliki gitaa alilopiga. Vyombo vilikuwa mali ya shirika la umma, jumuiya, jeshi au mfanyabiashara. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Mlimani Park ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, na Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi zao. Wanamuziki wa bendi hizo walipata mshahara kama watumishi wengine. Wale wa bendi za watu binafsi walitegemea kiingilio cha mlangoni na mapatano yao na mwenye vyombo. Mwenye vyombo akikasirika, au biashara yake ikianguka, bendi nzima ilikuwa barabarani kesho yake. Hii ni sababu mojawapo iliyofanya wanamuziki kuhama kila mara kutoka bendi moja hadi nyingine. Watu waliwaita vigeugeu, lakini wengi wao walikuwa wakitafuta unga wa watoto.

Miaka hiyo ilikuwa migumu kwa nchi nzima. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Viwanda vya santuri vilikuwa Nairobi, kwa hiyo bendi zetu zilibaki na studio ya Radio Tanzania, ambako zilirekodi nyimbo zikapigwa hewani nchi nzima, lakini wanamuziki hawakupata mapato makubwa. Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na baada yake uhaba wa mafuta, sukari, sabuni na nguo. Orchestra Makassy ilihamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Remmy hakufuatana nayo. Alibaki Dar es Salaam akajiunga na Orchestra Matimila, bendi iliyopewa jina la kijiji kimoja cha kusini mwa Tanzania. Akawa kiongozi wake, na baadaye bendi hiyo ikajulikana kama Super Matimila.

Uamuzi huo wa kubaki ulikuwa na uzito. Mtu aliyekwisha kuhama nchi kwa nchi alichagua kukaa mahali ambapo maisha yalikuwa magumu na vyombo vilikuwa vichache. Alijenga makao Sinza, akamwoa mwanamke Mwingereza, wakazaa watoto. Sinza yenyewe ilikuwa mpya. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja na kupitisha barabara na mabomba katika maeneo ya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ili watu wa kipato cha chini wajenge wenyewe. Mahali palipokuwa mashamba pakawa mtaa, na mgeni kutoka Kindu akawa mmoja wa wenyeji wa mwanzo ambao mtaa ulichukua jina lao. Sinza ilikuwa wakati huo katika Wilaya ya Kinondoni. Tangu katikati ya miaka ya 2010 imekuwa katika Wilaya ya Ubungo.

Maisha ya safari

Wengi hudhani maisha ya mwanamuziki ni starehe tupu, kwa kuwa wao humwona wakati wa starehe yao. Ukweli ni kwamba mpiga dansi hufanya kazi wakati watu wengine wanapumzika. Hapa mjini, juma la bendi liligawanywa kati ya kumbi za mitaa. Kulikuwa na Mango Garden, Lang'ata na Vijana huko Kinondoni, DDC Magomeni Kondoa, Amana huko Ilala na DDC Keko katika Temeke. Vyombo vilipakiwa katika gari alasiri, vikafungwa ukumbini kabla ya jua kuchwa, muziki ukaanza usiku na kuendelea hadi saa za alfajiri. Kisha vyombo vikafunguliwa tena vikapakiwa, na mpiga gitaa akarudi nyumbani wakati majirani zake wanakwenda kazini au kanisani.

Safari za mikoani zilikuwa nzito zaidi. Bendi ilipofika katika mji, jambo la kwanza lilikuwa gari la matangazo lenye kipaza sauti kuzunguka mitaani likitaja ukumbi na kiingilio. Watu wakija wengi, bendi ilikula na kupata mafuta ya kwenda mji wa pili. Mvua ikinyesha, au wakulima wakiwa hawajalipwa fedha za mazao, ukumbi ulikuwa mtupu, na wanamuziki walilala juu ya masanduku ya vyombo wakingoja siku nyingine. Katika miaka ya uhaba wa mafuta ya petroli, hata kupata lita za kutosha kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kulihitaji vibali na kusubiri. Barabara nyingi zilikuwa za udongo. Watanzania hawajasahau kwamba Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe naye mwaka 1979 akiwa Mombasa. Wote wawili walikuwa wanamuziki wa Morogoro, na wote wawili walikuwa bado vijana. Kila mwanamuziki aliyepanda gari la bendi baada ya hapo aliwakumbuka.

Wanakwaya wetu wanaweza kuelewa sehemu ya maisha haya. Wao pia wamesafiri katika malori na mabasi kwenda mashindano na uzinduzi wa kanda, wamelala katika madarasa ya shule, wamekula ugali wa saa sita usiku. Tofauti ni kwamba kwaya hupokelewa na usharika mwenyeji. Kuna wazee mlangoni, kuna sala na kuna chai. Bendi ya dansi hupokelewa na mwenye baa, na mapokezi hayo hudumu kadiri bia zinavyouzwa. Humo ndimo zilimo hatari za safari, yaani ulevi, uzinzi, upweke, na familia iliyoachwa nyumbani bila kujua baba atarudi na kitu au mikono mitupu. Ndoa nyingi za wanamuziki zilivunjika barabarani.

Alichokiimba

Remmy aliuita mtindo wake kwa jina lililotokana na neno ubongo, kwa maana kwamba muziki wake ulikuwa wa kufikiri. Hii haikuwa majivuno matupu. Watu walikwenda kumsikiliza wakijua kwamba katikati ya kucheza wataambiwa jambo. Mara kwa mara alisimamisha mchezo akazungumza na watu kama mzee anayezungumza na jamaa katika kikao.

Alipokuwa na Orchestra Makassy alitunga wimbo Siku ya Kufa, wa kumlilia rafiki. Baadaye aliimba Kifo, na wimbo huo ukawa mojawapo ya nyimbo zake zinazokumbukwa zaidi. Ni jambo la kustaajabisha kwamba watu waliolipa kiingilio ili kusahau taabu zao walicheza wimbo unaowakumbusha kwamba watakufa. Lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa, na waliucheza mwaka baada ya mwaka. Aliimba pia juu ya mnyonge asiye na haki mbele ya mwenye mali, na juu ya ubaguzi. Hakuwa na cheo, na hakuwa msemaji wa chama. Alijitambulisha kama maskini anayesema na maskini wenzake, na watu walimwamini kwa sababu walimwona akitembea Sinza kama wao.

Safari za ng'ambo

Jina lake lilivuka bahari kwa njia isiyotarajiwa. Rafiki mmoja aliyekuwa akirudi Uingereza alichukua kanda ya Super Matimila akaipeleka kwa WOMAD, shirika linaloandaa matamasha ya muziki wa mataifa, ambalo mmoja wa waanzilishi wake ni mwanamuziki Peter Gabriel. Mwaka 1988 Remmy na bendi yake walialikwa katika ziara ya WOMAD huko Ulaya, na mwaka huo huo ikatoka santuri ya Nalilia Mwana. Mwaka 1989 kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na Gabriel huyo pamoja na WOMAD, ilitoa Songs for the Poor Man, jina lenye maana ya nyimbo za maskini. Mwaka 1992 ikafuata Mambo, ambamo baadhi ya nyimbo ziliimbwa kwa Kiingereza ili wasikilizaji wapya waelewe. Studio ya Real World iko katika kijiji cha Box, kusini-magharibi mwa Uingereza. Watu waliozoea kurekodi kwa haraka katika chumba kimoja cha Radio Tanzania walijikuta katika mitambo ya hali ya juu kabisa ya wakati huo.

Ziara hizo zilileta heshima kubwa kwa nchi. Kabla yake, wanamuziki wa dansi wa Tanzania waliosikika Ulaya walikuwa wachache mno. Hata hivyo, tusidhani kwamba ziara za ng'ambo zilimfanya tajiri. Msafara wa bendi kubwa una gharama nyingi, kwani kuna nauli za ndege, malazi, vibali na posho za watu wote. Mwanamuziki husifiwa mbele ya maelfu ya watu usiku mmoja, kisha hurudi nyumbani akakuta kanda zake zimenakiliwa na kuuzwa sokoni na watu asiowajua. Sheria mpya ya hakimiliki ilitungwa nchini mwetu mwaka 1999, na chama cha hakimiliki, COSOTA, kikaanza kazi baada ya hapo. Kwa wanamuziki wa rika la Remmy msaada huo ulikuja wakati nguvu zao zimekwisha pungua.

Jambo linalostahili kusifiwa ni kwamba alirudi. Mke wake alikuwa Mwingereza, na jina lake lilikuwa limekwisha kujulikana huko. Angeweza kuhamia Ulaya kama walivyofanya wengine. Alirudi Sinza, akaendelea kupiga katika kumbi zile zile.

Wimbo ulioleta ubishi

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 ugonjwa ulikuwa umeenea mikoa yote, na njia zake zilikuwa zile zile za madereva, wafanyabiashara na bendi. Wakati huo watu walisema kwa mafumbo. Marehemu alitajwa kuwa alifariki kwa homa ya muda mrefu, na wachungaji walisoma wasifu wa namna hiyo makaburini juma baada ya juma.

Katika hali hiyo Remmy alitoa wimbo Mambo kwa Soksi, akiwahimiza wanaume kutumia mipira ya kinga, ambayo watu waliiita soksi. Radio Tanzania haikukubali kuupiga. Lakini wimbo ulipigwa kumbini, kanda zikazunguka, na watu wakaujua bila redio.

Viongozi wengi wa dini waliupinga, na sababu zao hazikuwa za kipuuzi. Kanisa lilifundisha, na bado linafundisha, kwamba kinga iliyo bora ni uaminifu katika ndoa na kujizuia kabla ya ndoa. Wengi waliogopa kwamba wimbo wa namna ile, ukiimbwa katika baa, utakuwa ruhusa ya uzinzi. Kwa upande wa pili, Remmy alikuwa akisema na watu waliokuwa tayari ndani ya ukumbi, saa nane za usiku, wengi wao wakiwa mbali na wake zao. Aliwafahamu kwa sababu aliishi nao barabarani, na aliwaona wanamuziki wenzake wakikonda na kuzikwa. Yeye hakungoja watu hao waje kwanza mahali pa mafundisho. Aliwaambia kwa jina la kitu chenyewe kwamba wanakufa na kwamba wanaweza kujikinga. Mtu anaweza kushika mafundisho ya Kanisa bila kupunguza neno, na bado akakiri kwamba katika miaka ile ya ukimya sauti iliyotaja ugonjwa waziwazi ilitoka katika ukumbi wa dansi. Vijana wa leo wanaosoma katika mashule habari za virusi na dawa za kufubaza hawawezi kujua jinsi ukimya ule ulivyokuwa mzito.

Ugonjwa na nyimbo za Injili

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 mambo yalikuwa yamebadilika. Redio za watu binafsi zilianza, na vijana wakapenda muziki mpya ulioitwa Bongo Fleva, ambao haukuhitaji bendi ya watu kumi na watano wala gari la vyombo. Kumbi nyingi zilipoteza wateja.

Mwaka 2001 Remmy alipatwa na kiharusi kilichompooza sehemu ya mwili. Kwa mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa safari na kusimama jukwaani hadi alfajiri, pigo hilo lilikuwa kubwa. Mwanamuziki wa dansi hakuwa na pensheni, wala mfuko wa kumtunza akiugua. Kilichomlisha ni miguu yake, vidole vyake na sauti yake. Sasa yule aliyeitwa Dokta alihitaji kuinuliwa na kusogezwa na watu wengine.

Ni katika miaka hiyo ya ugonjwa ndipo alipomgeukia Kristo kwa namna ya wazi. Aliacha dansi akatunga na kuimba nyimbo za Injili. Wapo waliosema kwamba amebadilika kwa kuwa dansi limemwacha. Maneno hayo ni mepesi kusemwa na mtu mwenye afya. Mwizi aliyesulubiwa pamoja na Bwana wetu naye hakuwa na muda wala nguvu za kuonyesha matendo, na hakuulizwa kwa nini amechelewa. Isitoshe, anayezisikiliza nyimbo za Remmy tangu mwanzo atakuta kwamba swali lilikuwamo siku zote. Alipoimba juu ya kifo akiwa kijana, alikuwa akiuliza. Alipoimba Injili akiwa amepooza, aliimba kama mtu aliyepata pa kuegemea.

Dk. Remmy Ongala alifariki nyumbani kwake Sinza tarehe 13 Desemba 2010, akiwa na umri wa miaka 63. Msiba wake ulikusanya watu wa kila namna, wanamuziki wa dansi na waimbaji wa Injili, Wakristo na Waislamu, viongozi na watu wa kawaida wa mtaani.

Tunachojifunza

Katika historia ya Kanisa letu hapa nchini, dansi na ngoma vilikuwa jambo la kutengwa. Wamisionari wengi hawakutaka kusikia ngoma karibu na kanisa, na Mkristo aliyeonekana dansini aliweza kuzuiwa Meza ya Bwana hadi aliporudi kundini. Wazee wetu walikuwa na nia ya kulinda familia, na waliona kwa macho yao nyumba zilizovunjika. Lakini matokeo mengine ya desturi hiyo ni kwamba watu waliofanya kazi usiku walijiona hawana kanisa. Aliyepiga gitaa hadi alfajiri ya Jumapili hakuweza kuja ibada ya asubuhi, na kama angekuja, asingejua aketi wapi.

Leo watu wa namna hiyo wamekuwa wengi zaidi katika mitaa yetu kuliko wakati wa Super Matimila. Kuna walinzi wa usiku, madereva wa malori yaendayo Kongo na Zambia, makondakta, wauguzi wa zamu, wahudumu wa baa na vijana wanaofunga vipaza sauti katika sherehe. Wengi wao walibatizwa, na baadhi yao walipata kipaimara katika sharika za huko walikotoka. Jiji limewachukua, na ratiba ya ibada zetu haiwafikii. Usharika unaoingia katika miaka mia ya pili hauna budi kujiuliza ni nani atakayewatembelea na kwa saa ipi, na kama ibada ya katikati ya juma, jioni au mchana, haiwezi kupangwa kwa ajili yao. Baraza la wazee lina mambo mengi ya kuamua katika mwaka huu wa sherehe, yaani jengo, uzio, gari na kiwanja cha mtaa mpya. Hili nalo liwemo katika orodha.

Kwa vijana wetu wapiga vyombo, ambao siku hizi wanaalikwa kupiga katika harusi na matamasha ya Injili mikoani na hata nje ya nchi, maisha ya Remmy yana fundisho la kawaida kabisa. Waandikishe nyimbo zao. Wawekeane mikataba ya maandishi, hata na watu wa kanisani. Wajiwekee akiba wakati vidole vina nguvu, na wajiunge na mfuko wa bima ya afya. Wanaporudi kutoka safarini waulizwe na wazee wao walikwendaje na walilala wapi, kwa upendo na si kwa upelelezi. Remmy alisafiri zaidi ya miaka thelathini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hakukuwa na usharika uliomngoja arudi.

Jina lake limebaki kituoni, na wengi walitajao hawajui habari zake. Tumeziandika hapa ili watoto wa usharika huu wanaposhuka hapo wajue kwamba pale aliishi mgeni kutoka Kindu, yatima aliyezunguka nchi nyingi na gitaa, akawaambia watu ukweli juu ya kifo chao, akamaliza safari yake akimwimbia Mungu. Apumzike kwa amani.